Uzi: Mbeya inahitaji barabara ya mchepuko yenye madaraja, isiyojengewa pembeni. Njia nne za katikati ya jiji peke yake hazitatosha

Mwana_Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Anayeishi kati ya Uyole na Mbalizi hahitaji kusimuliwa foleni. Lori la shaba linalotoka Congo, tenka la mafuta la kwenda Zambia, basi la Dar, gari za IT (zinazopitishwa tu nchini kwenda nje) zinazokimbilia Tunduma, Hiace ya Sae, bajaji, guta la viazi, mtoto wa shule anayevuka, gari la wagonjwa linalowahi Hospitali ya Rufaa, wote wamo kwenye lami moja. TANZAM, barabara kuu ya Dar mpaka Zambia, ni njia ya Zambia, Congo na sehemu ya mzigo wa Malawi kwenda bandarini, na wakati huohuo ndiyo njia yetu ya kwenda sokoni, kazini na msibani. Lori moja likizimika Mafiati saa kumi na mbili jioni, jiji limekatika vipande viwili.

Upanuzi wa njia nne, zile kilomita 29 za kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, naufurahia kwa moyo wote. Ulikuwa unahitajika tangu zamani. Ila njia nne hizo zinapita palepale penye watu. Lori lenye uzito wa tani 56 litaendelea kupita Mwanjelwa, sasa likiwa na nafasi ya kukimbia zaidi.

Kwenye mipango ya Serikali kuna mchepuko wa kutoka Uyole mpaka Songwe, takriban kilomita 49, unaozunguka jiji. Kwa maoni yangu tiba iko hapo, na ndiyo maana nimeleta uzi huu kabla kazi haijafika mbali: tusiridhike na kuuliza "utajengwa lini". Tuulize utajengwa wa namna gani. Nataka uwe barabara kuu ya kasi kweli. Sehemu chache za kuingia na kutoka. Kila inapokutana na barabara nyingine, moja ipite juu ya nyingine. Kwenye mabonde yawekwe madaraja marefu badala ya kushusha barabara mpaka mtoni na kuipandisha tena. Na pembeni pasijengwe chochote, si kibanda cha chipsi, si sheli, si gereji.

Kwa nini nasisitiza hilo la mwisho? Angalieni historia yetu wenyewe. Mji wa Mbeya ulianza 1927, na kitovu chake kilikuwa juu kule, Uhindini na maeneo ya jirani, chini ya Loleza. TANZAM ilipojengwa, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, haikupandishwa katikati ya mji ule. Ilipita chini. Halafu mji ukashuka kuifuata. Soko, stendi, maghala, benki, makanisa, vyote vikaja kukaa kando ya lami kwa sababu hakuna aliyezuia. Tukijenga mchepuko bila kuulinda, watoto wetu watakuja kuandika uzi kama huu wakidai mchepuko wa mchepuko.

Karibuni tujadili.

Kijana_wa_Simike

Naunga mkono hoja, mkuu. Wakazi wa Simike hatulali vizuri kila tukisikia honi ndefu ya lori usiku.

Dereva_wa_Tunduma

Nashukuru mleta uzi. Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar, Tunduma mpaka Lubumbashi. Nieleze jambo ambalo asiyekaa kwenye usukani halioni.

Mteremko wa Iwambi kushukia Mbalizi hauui kwa ukali wake. Mlima Kitonga kule Iringa ni mbaya zaidi, na dereva anayeijua Kitonga anashuka salama. Iwambi inaua kwa sababu chini yake kuna watu na foleni. Ukiwa na mzigo mzito mgongoni kanuni ni moja: gia nzito unaiingiza kabla hujaanza kushuka, breki ya injini inashikilia gari, mguu unagusa breki kwa vipindi tu. Sasa weka foleni katikati ya mteremko. Unasimama, unaachia, unasimama, unaachia. Kila ukikanyaga, upepo kwenye matangi unapungua na ngoma za breki zinachemka. Ngoma ikishachemka sana, hata ukikanyaga mpaka sakafuni haishiki. Na mbele yako kuna Hiace imejaa abiria.

Julai 2018 watu 20 walikufa eneo hilo, lori lilipozikumba gari za abiria. Kila ajali ya namna hiyo ikitokea tunaambiwa madereva ni wazembe. Wapo wazembe, nasema wazi. Wapo wanaochomoa gia mlimani ili wabane dizeli, na hao wanastahili kunyang'anywa leseni. Lakini barabara inayomleta dereva mwenye tani hamsini kwenye foleni ya daladala mteremkoni nayo ina kosa lake.

Kwa hiyo nikija kwenye mchepuko, naomba mambo mawili yawemo kwenye mchoro tangu mwanzo. Kwanza, njia za kuokolea malori kila penye mteremko mrefu: kipande cha barabara kinachochepuka na kupanda kilima, kimejazwa kokoto nene zisizoshindiliwa. Lori lililopoteza breki likiingia humo magurudumu yanazama, linasimama. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mazishi. Pili, maegesho makubwa ya malori upande wa Uyole na upande wa Songwe, yenye choo, bafu, maji na taa. Leo tunalala kando ya barabara kwa sababu hatuna pengine, halafu gari letu linageuka kuwa ajali ya mtu mwingine usiku.

Mama_Mchele_Mwanjelwa

Nawasalimu wote. Nisikilizeni na mimi.

Nauza mchele wa Usangu, kiasi kikubwa kinachukuliwa na wapita njia. Mtu anatoka Tunduma anakwenda Dar, anasimama, anachukua kilo hamsini. Dereva wa lori anachukua gunia la kupeleka kwao. Mkishawapeleka wote nje ya jiji, sisi tutamuuzia nani? Kila nikisikia "mchepuko" naona wanaume wakipanga barabara bila kuuliza wanaokula kwa barabara hiyo. Sipingi usalama, nimezika ndugu kwa ajali. Naomba tu mnijibu.

Mwana_Uyole

Mama, shikamoo. Swali lako ni la haki na sitalijibu kwa haraka haraka.

Mabasi ya abiria yataendelea kuingia jijini kwa sababu abiria wanashuka na kupanda hapa, na wenye gari binafsi wanaotaka mchele wataingia. Anayeondoka ni yule asiyesimama kabisa, anayepita tu. Na mzigo wako, mama, unatoka Igurusi na Chimala kuja Mwanjelwa kwa barabara hiyohiyo iliyoziba. Wateja wa Mbeya wenyewe wangapi wanaahirisha kuja sokoni jioni kwa kuogopa kukwama?

Ila nakubaliana nawe kwamba wafanyabiashara lazima wakae mezani. Pale kwenye maegesho ya malori aliyoyataja dereva, pawepo na soko la mazao, na vizimba vya kwanza wapewe wanaouza leo kando ya TANZAM. Hilo liandikwe, lisibaki ahadi ya mdomo.

Mhehe_wa_Ipogolo

Kamwene! Natokea Iringa, naomba nimwongezee mama hapo juu.

Mjini Iringa ni juu kilimani, barabara kuu ya Mbeya inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Mwenye safari ya Mbeya hapandi mjini kama hana shida ya mjini. Soko letu la juu halijafa, linachangamka miaka yote. Mji hauhitaji kila lori la shaba lipite mbele ya duka ndipo watu wale. Tatizo letu lilikuja na mzigo wa Dodoma. Barabara ya Iringa–Dodoma ilipowekwa lami, malori yakaanza kupanda mlima kuingia katikati ya mji ili yatokee Kihesa. Mji ule barabara zake ni za zamani, nyembamba, na ule mlima wa kupandia kutoka Ipogolo si wa semi. Ndiyo maana ukaja mchepuko wa Igumbilo mpaka Kihesa Kilolo, kilomita 7.3. Ni mfupi lakini una maana kubwa kwetu.

Nawatahadharisha jambo moja. Ipogolo yenyewe, ambayo zamani ilikuwa kituo tu cha chini, siku hizi ina foleni yake. Watu wamefuata lami kama alivyosema mleta uzi. Na Kitonga msiisahau. Mbeya mkijenga barabara nzuri namna gani, lori likipinduka Kitonga mzigo wote wa kusini unasimama, na magari mengine yanalala mlimani na abiria wake, watoto kwa wazee. Ukanda huu ni mmoja.

Fundi_Madaraja

Nimefanya kazi za barabara na madaraja, acha nichangie upande huo.

Watu wakisikia daraja wanafikiria mto mkubwa. Mito ya kuzunguka jiji letu, kama Nzovwe na Mbalizi, si mikubwa. Mabonde yake ndiyo makubwa. Mhandisi ana njia mbili za kuvuka bonde. Anaweza kuishusha barabara kwa kona mpaka chini, akaweka kalavati au daraja fupi, akaipandisha upande wa pili. Ni rahisi kwenye karatasi. Au anaweza kuinua nguzo kutoka chini ya bonde na kuipitisha barabara juu yake ikiwa karibu tambarare. Hii ya pili, kwa kila kilomita, ni ghali mara kadhaa kuliko barabara ya ardhini, kwa hiyo wenye fedha huikata ya kwanza bajeti inapobana.

Lakini fikirieni nani atakayepita humo. Lori lililojaa likikuta mpando wa asilimia sita au saba linatambaa, na likitambaa kwenye barabara ya njia mbili, nyuma yake panajengeka msururu, madereva wenye haraka wanaanza kuovateki kwenye kona. Mchepuko wa namna hiyo unahamisha ajali kutoka Iwambi kuzipeleka porini ambako hata gari la wagonjwa linachelewa kufika. Daraja refu la bonde linanunua mteremko mdogo, na mteremko mdogo ndio unaookoa breki alizozieleza dereva.

Mfano upo jirani. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, kilomita 51, iliyozinduliwa 2018, ina daraja la Nambigirwa lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu juu ya eneo la kinamasi. Wangeweza kuzunguka. Waliamua kuvuka. Na hapohapo Kampala kuna mfano wa upande mwingine. Mchepuko wa Kaskazini, kilomita 21, ulifunguliwa 2009 ukiwa sehemu kubwa ni njia mbili tu, na kwenye makutano mengi wakaweka mizunguko ya ardhini ili kupunguza gharama. Haikuchukua muda ikajaa. Wakarudi kuipanua na kujenga madaraja ya juu kwenye makutano, kazi iliyochukua miaka, huku magari yakipita katikati ya mitambo. Walilipa mara mbili.

Kuna suala la ardhi yetu pia. Mbeya imekaa mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Matetemeko yapo. Na udongo wa maeneo mengi ni majivu ya volkano yaliyotokana na milima ya upande wa Rungwe. Ukiwa mkavu unasimama wima kama ukuta, ukilowa unaporomoka. Nguzo ziende chini mpaka kwenye mwamba, sehemu ya juu ya daraja ikae kwenye vikalio vinavyoruhusu kucheza, na mitaro ya maji ijengwe kwa umakini uleule wa lami. Mvua zetu za Machi na Aprili hazisamehi mtaro mbovu.

Msomi_wa_Forest

Nitakuwa wa kwanza kupinga, kwa heshima.

Mwaka 1962 Anthony Downs, mchumi wa Marekani, aliandika kwamba barabara ya kasi mjini ikiongezwa upana, saa za msongamano foleni hurudi kujaza nafasi iliyopatikana. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner walipima miji ya Marekani wakakuta kilomita zinazoendeshwa na magari zinaongezeka karibu sawasawa na kilomita za barabara zinazojengwa. Aliyekuwa anapanda daladala ananunua gari, aliyekuwa anakaa mjini anahamia mbali, nafasi inaisha. London walikamilisha barabara yao ya kuuzunguka mji, M25, mwaka 1986, na ikajaa mapema kuliko walivyotarajia.

Kwa nini basi tusiweke nguvu kwenye reli? TAZARA inapita hapahapa, stesheni iko Iyunga. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilibuniwa kubeba mzigo mkubwa kila mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mzigo wa shaba ulitakiwa uwe juu ya reli ile, tusingekuwa na mjadala huu.

Mwana_Uyole

Mkuu, hoja yako naiheshimu na ndiyo imenifanya niandike vile nilivyoandika.

Tafiti hizo zinaeleza vizuri njia nne za katikati ya jiji. Hapo nakubali: tukiongeza lami Mwanjelwa, tutaongeza magari Mwanjelwa. Lakini lori la Kitwe haliendi Kitwe kwa sababu Mbeya wamejenga barabara. Linakwenda kwa sababu kule kuna mgodi. Mzigo unaopita hauzaliwi na mchepuko, upo tayari, unapita mbele ya shule zetu leo. Barabara ya kasi inayojazwa haraka ni ile ambayo wakazi wanaitumia kwa safari fupi za kila siku na wanajenga kando yake. Ndiyo sababu nataka milango iwe michache. Mtu wa Iganjo asiwe na sababu ya kuingia mchepukoni kwenda kununua mkate.

Reli naitaka kwa nguvu zote. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilikabidhi ukarabati na uendeshaji wa TAZARA kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na kila behewa litakalorudi kazini ni lori lililoondoka Mafiati. Bomba la mafuta la TAZAMA nalo, lililokuwa likisafirisha mafuta ghafi kutoka Dar mpaka Ndola, Zambia, tangu 2023 linasafirisha dizeli. Matenka ya dizeli kwa Zambia yalipaswa kupungua kwa sababu hiyo. Lakini petroli, saruji, mbolea, mitambo na gari za IT hazitasubiri. Tujenge vyote, na tusitumie kimoja kama kisingizio cha kuchelewesha kingine.

Mnyaki_wa_Mbezi

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi ni mtoto wa Tukuyu, naishi Dar, Mbezi. Nimeyaona haya yakijengwa mbele ya macho yangu.

Daraja la Mfugale pale TAZARA lilizinduliwa Septemba 2018. La Kijazi, Ubungo, Februari 2021. Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo baharini, 2022. Kila moja limesaidia, anayebeza akumbuke Ubungo ya zamani, unaweza kumaliza stori zote na jirani yako wa kiti bado hamjafika kwenye taa. Lakini niliona jambo moja likijirudia. Foleni iliyoondolewa kwenye makutano haya ilitokea kwenye makutano yanayofuata, kwa sababu magari sasa yanafika pale kwa wingi na kwa pamoja.

Basi nawaambia ndugu zangu wa nyumbani: macho yenu yawe kwenye ncha mbili za mchepuko. Uyole kuna njia panda ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu. Ndizi, viazi, parachichi na chai vyote vya Rungwe vinaingilia hapo, na mzigo wa Malawi pia. Mkiuanzisha mchepuko Uyole kwa mzunguko wa kawaida au taa, malori yatajipanga mpaka Mlima Nyoka na hamtakuwa mmepata kitu. Pale panatakiwa daraja la ngazi mbili au tatu, atokaye Tukuyu kwenda Tunduma asikutane kabisa na atokaye Iringa kuingia jijini. Upande wa Songwe vilevile. Na mbele ya hapo kuna Senjele, halafu Tunduma yenyewe ambako msururu wa malori umewahi kurefuka kilomita nyingi licha ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa 2019.

Bajaji_Kabwe

Wakubwa mmesema ya malori. Sisi wa bajaji na boda mmetusahau. Njia nne zikikamilika tutapita wapi? Kuvuka kwa miguu je? Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani hawezi kupanda daraja la ngazi hamsini, atakatiza barabarani. Wajenge njia za chini za watu, pana, zenye taa, au madaraja ya watembea kwa miguu yenye mteremko badala ya ngazi. Na barabara za mitaa ziunganishwe! Sasa hivi ukitaka kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili lazima utokee TANZAM. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakitupa barabara mbili tatu za lami zinazokwenda sambamba na barabara kuu, bajaji nyingi hamtaziona tena huko.

Fundi_Madaraja

Bajaji_Kabwe, umegusa penyewe kabisa. Jiji letu lina barabara kuu na lina vichochoro, katikati yake hakuna kitu. Safari ya kilomita mbili inapandishwa kwenye barabara ya kimataifa. Hata mchepuko ukiondoa kila lori, safari hizo zitabaki. Fedha za barabara za mitaa ni ndogo ukilinganisha na za daraja moja la bonde, na faida yake inaonekana mapema.

Kijana_wa_Simike

Swali: na tozo? Nasikia barabara za kasi zote siku hizi ni za kulipia.

Mwana_Uyole

Daraja la Nyerere la Kigamboni lilijengwa kwa fedha za NSSF na Serikali, likafunguliwa 2016, na watu wanalipa kuvuka. Nairobi nayo barabara yao ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa 2022, ni ya kulipia. Asiye na fedha anabaki chini kwenye foleni. Sipingi tozo kwa msingi. Ila hapa kwetu ina hatari ya pekee. Ukimtoza mwenye lori kupita mchepukoni na ukamwacha huru kupita Mwanjelwa bure, atapita Mwanjelwa. Kwa hiyo kama ni tozo, iende pamoja na katazo la malori ya masafa kuingia jijini, isipokuwa yenye mzigo wa kushusha hapa. Vinginevyo tutakuwa tumejenga barabara nzuri isiyo na magari.

Dereva_wa_Tunduma

Na tozo isimwangukie dereva. Matajiri wengi, yaani wenye malori, wanampa dereva fedha za safari kwa mkupuo. Akibana chochote kinakuwa chake. Mwambie achague kati ya kulipa tozo na chakula cha nyumbani, jibu unalijua. Mfumo ulipwe na mwenye gari moja kwa moja, kwa namba ya gari.

Mthamini

Nimesoma kimya muda mrefu. Naomba niseme la ardhi, kwa kuwa miradi mingi inakwama hapo.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana mnaona alama za X za rangi mbili kwenye nyumba. Nyekundu ni aliyejenga ndani ya hifadhi, hana fidia. Kijani ni aliyefuatwa na hifadhi, anastahili fidia. Kwa mchepuko unaotaka kuwa wa kasi, mita 60 jumla ni finyu. Makutano ya ngazi mbili peke yake yanakula eneo kubwa, na kama tunataka njia sita siku za usoni, ardhi ichukuliwe sasa ikiwa bado mashamba. Mnakumbuka Kimara mwaka 2017. Nyumba za watu, za miaka na miaka, zilivunjwa ndani ya mita 121 za Barabara ya Morogoro. Watu wale waliachwa wakajenga, wakazaa, wakazeeka humo, ndipo hifadhi ikakumbukwa. Ulinzi wa hifadhi unaanza siku ya kigingi cha kwanza, na ni huruma kwa mwananchi kuliko kumwacha ajenge halafu uje na tingatinga.

Na fidia iwe kamili na ya haraka. Sheria inadai ardhi, majengo, mazao, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita baada ya tathmini, riba inaanza kuhesabiwa, na tathmini ikipita miaka miwili haijalipwa inafanywa upya.

Mkulima_Viazi

Mthamini, asante sana. Mimi nina shamba upande wa kusini wa jiji. Watu walikuja na vifaa vya kupimia, wakachomeka vigingi, wakaondoka. Hatukuitwa mkutano. Sasa tuko njia panda: tulime au tusilime? Jirani yangu ameanza kufyatua tofali harakaharaka ajenge nyumba aongezewe fidia.

Mthamini

Mkulima, kigingi cha upimaji peke yake hakikuondolei haki ya shamba lako. Lima mazao ya msimu kama kawaida, viazi, mahindi, maharage. Usipande parachichi mpya wala usijenge, na mwambie jirani asipoteze tofali zake. Siku ya kusitisha uendelezaji ikitangazwa, kilichoongezwa baada yake hakilipwi, na wathamini wanapiga picha ya kila kitu.

Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji mkiwa kundi, mwombe mkutano kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakija kuthamini, uwepo shambani wewe mwenyewe pamoja na mkeo, shuhudia kila mti na kila mpaka unavyoandikwa, na usisaini fomu yenye nafasi iliyoachwa wazi. Kama shamba ni la ukoo, kaeni sasa muamue nani anasimama kwa niaba ya wengine. Migogoro ya ndugu inachelewesha malipo kuliko hata hazina.

Mkulima_Viazi

Tutakaa Jumapili baada ya ibada, tuko kaya nyingi kwenye mstari huo. Je, njia ya ng'ombe na ya watoto wanaovuka kwenda shule tunaweza kuiweka kwenye hiyo barua ya kuomba mkutano, au ni ya baadaye?

Fundi_Madaraja

Iwekeni sasa hivi. Kivuko cha chini kikiwa kwenye mchoro kinajengwa pamoja na tuta. Tuta likishapanda, kukitoboa ni kazi nyingine na bajeti nyingine. Andikeni majina ya vijia vyote vinavyotumika, na vinakokwenda: shule, mto, zahanati, malisho. Mkiweza kuchora hata kwa mkono, choreni.